Masta ya migogoro na wakimbizi ifundishwe hapa hapa kwetu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, hili jambo nimelinyamazia muda na sasa naona bora niliseme hadharani.

Binti wa dada yangu kamaliza digrii yake na kapata nafasi ya kusoma masta huko ng'ambo, masta ya migogoro, watu kuhama makwao na usalama wa binadamu, ada yake ukitajiwa unatafuta pa kukaa. Habari ikafika kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, mie nikadhani watu watampongeza, lahaula! "Masta ya vita, kwani kwetu kuna vita?" Mwengine akasema si bora asome ugavi apate kazi bandarini, mwengine akatuma vikatuni vya kucheka tu. Na hawa ni watu wazima, wengine wamesoma, na ni Wapemba.

Hiyo kozi si ya bunduki peke yake jamani. Mwaka 1994 ripoti ya maendeleo ya binadamu ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilisema usalama si mipaka na majeshi tu, ni mtu mwenyewe alivyo nyumbani kwake, wakahesabu mambo saba ndani yake, uchumi, chakula, afya, mazingira, usalama wa mtu binafsi, wa jamii na wa kisiasa. Sasa nenda Kisiwa Panza uone bahari inavyoingia mashambani, mtu kalima miaka na miaka leo ardhi ina chumvi haioti kitu, watu wamebaki kupanda mikoko kuzuia maji. Huyo akihama kwenda kupanga chumba Unguja atahesabiwa nani? Bunduki hakuiona lakini kwake kahama. Na ile Spice Islander ya Septemba 2011, meli imejaza watu na mizigo kupita kiasi ikazama inakuja Pemba, lile nalo ni suala la usalama wa binadamu lile, sio ajali ya barabarani ukaandika ripoti ukafunga faili.

Lakini tusizunguke, hilo neno wakimbizi ndilo linalotia watu kigugumizi hapa kwetu. Tumezowea kusema Tanzania ndo inayopokea, Warundi, Wakongo, Nyarugusu kule Kigoma tangu 1996, na ni kweli na ni sifa kubwa. Ila Januari 2001 Tanzania ilitoa wakimbizi na walitoka hapa. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2000 watu wakaandamana tarehe 26 na 27 Januari wakitaka uchaguzi urudiwe, zikapigwa risasi Pemba na Unguja, shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch waliandika kwamba waliokufa hawapungui 35 na waliojeruhiwa ni zaidi ya 600, na watu zaidi ya 2,000 wakavuka kwenda Kenya. Wakafikia Shimoni, pwani ya Kenya, baadae wengine wakapelekwa Dadaab, jangwani kaskazini mashariki ya Kenya, kwenye kambi iliyofunguliwa 1991 kwa ajili ya Wasomali. Na wapo waliofika mpaka Mogadishu! Mpemba kakimbilia usalama Mogadishu, hebu lifikirie hilo taratibu.

Jirani yangu mmoja alivuka mwaka ule. Aliwahi kunisimulia tumekaa barazani kwake anapasua nazi, anasema kaskazi lilikuwa limekaza, mashua imejaa, mawimbi yanaingia ndani na wanawake wanafua maji kwa vidoo vya rangi usiku kucha huku watoto wanatapika. Nikamuuliza ulichukua nini nyumbani? Akanambia kadi ya kliniki ya mtoto, kwa sababu ilikuwa na jina lake na la mtoto na muhuri wa serikali, alihisi huko wanakokwenda wataulizwa wao ni nani. Kitu kingine akataja kanga mbili na tochi isiyo na betri. Mie mwalimu wa historia miaka yote hii na sijaona pahala popote hilo limeandikwa, sio skuli, sio chuo. Ripoti ya mambo ya haki za binadamu inakwambia waliokufa wangapi, tume ya Brigedia Hashim Mbita, iliyoundwa kuchunguza mauaji yale, nayo ilikaa ikatoa yake, lakini kadi ya kliniki hutaikuta humo.

Ndo maana nasema tuisome wenyewe. Kuna hesabu inatumika sana kwenye masomo haya, ya watafiti wa Uppsala huko Sweden, kwamba mapigano ya silaha yakishaua watu 25 kwa mwaka ndo yanaingia kwenye orodha yao, na wakiuliwa raia wasio na silaha kuna daftari jengine nalo linaanzia hao hao 25. Sawa, wataalamu lazima wawe na kipimo. Ila sie hapa mtu kila ukikaribia uchaguzi anapakia mke na watoto kwenye boti ya Dar, au anawarudisha Pemba kwa bibi yao, ananunua mchele gunia zima na mafuta, duka linafungwa, hakuna aliyekufa na hakuna daftari linaloandika. Hiyo ni hofu ya namna gani, inapita vipi kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na kwa nini 2010 ilipungua? Maana 2010 tulipiga kura ya maoni tarehe 31 Julai, asilimia 66.4 wakasema ndio kwa serikali ya umoja wa kitaifa, na uchaguzi ule watu walilala majumbani kwao. Yakhe, hapo pana tasnifu kumi hapo! Halafu 2015 matokeo ya uchaguzi yakafutwa na tukarudi kule kule, na hilo nalo linataka mtu wa kulisoma kwa utulivu sio kwa kelele za barazani.

Na kuna Wapemba wa Kenya. Hawa wapo Kilifi, Kwale, mpaka Lamu, wazee wao walivuka na nyavu zao zamani sana wakifata samaki, watoto wakazaliwa kule, wajukuu wakazaliwa kule, na maelfu yao wakaishi bila kitambulisho cha nchi yoyote, huwezi kupata leseni ya uvuvi, huwezi kufungua akaunti wala kusajili laini ya simu kwa jina lako. Mpaka 2023 ndo serikali ya Kenya ikawatambua kuwa raia na moja ya jamii zake, wakaanza kupewa vitambulisho. Ni ndugu zetu hawa, tuna majina mamoja, ila ukitaka kusoma habari zao unasoma kwa Kiingereza zimeandikwa na mtu aliyekaa huko wiki mbili akaondoka.

Linaloniuma khasa ni kwamba mtu aliyekuwa Katibu Mkuu wa OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, tangu 1989 mpaka 2001 ni mtoto wa Pemba, Dkt. Salim Ahmed Salim, na wakati wake ndo OAU walianzisha mwaka 1993 chombo cha kuzuia na kutatua migogoro Afrika. Kile chuo cha diplomasia cha Kurasini sasa kina jina lake, tunashukuru, lakini kipo Dar na diplomasia ni kitu chengine, wale wanafundishwa kukaa mezani na mabalozi, mie namtaka mtu wa kukaa na yule jirani yangu anapopasua nazi.

Tatizo jengine, na hili naliandika najua litaudhi. Kijana niliyemsomesha alitaka kufanya utafiti juu ya waliorudi kutoka Shimoni, akaenda kuomba kibali kwenye ofisi moja, sitoitaja. Bwana wa pale akasoma kichwa cha utafiti, akavua miwani, akafunga faili. "Umetumwa na nani wewe?" Kisha kwa upole kabisa akamshauri aandike juu ya mwani, mwani hauna maneno. Sasa kijana ana masta ya mwani, na kwao hata mwani hawalimi.

Wanaouliza atakula nini mtu na masta hiyo, Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa ipo, masheha wanaletewa magomvi ya ardhi wayasuluhishe, hoteli zinajengwa pwani na vijiji vinasogezwa, Cabo Delgado kule Msumbiji inaungua kwa vita tangu 2017 na ni jirani wa Mtwara, na mashirika yanayohudumia wakimbizi yapo. Kazi zipo, tena zaidi ya huo ugavi wao.

Kwa hiyo naviomba vyuo vyetu vya Tunguu viifungue kozi hii, ya jioni kwa watu wenye kazi zao, na ifike Pemba sio iishie Unguja. Tasnifu iruhusiwe kuandikwa kwa Kiswahili, na kanda za mahojiano ziwekwe Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani kwa masharti, msimuliaji akitaka jina lake lifichwe lifichwe, akitaka zifungwe miaka ishirini zifungwe. Na ofisi za vibali zipewe mwongozo wa maandishi, ukikataliwa uandikiwe sababu na tarehe, ujue pa kwenda kulalamika. Bodi ya Mikopo nayo itwambie kama mtoto akiomba kwa kozi hii atafikiriwa au ni udaktari na uhandisi tu, maana mpwa wangu anatakiwa athibitishe nafasi yake karibuni na sie huku bado tunachangishana.

Wako msomaji,
Mwalimu wa skuli,
Wete, Pemba