Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nairobi: miguu ipimwe siku ya sindano ya kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Sisi ni wataalamu wa fiziotherapia tunaohudumia wanaume wenye saratani ya tezi dume. Tunaomba kila mwanaume anayeanzishiwa sindano za homoni katika hospitali za kaunti apimwe nguvu za miguu siku hiyohiyo, na afundishwe mazoezi kabla hajarudi nyumbani.

Sindano zenyewe hatuzipingi. Zimewaongezea wengi miaka. Goserelini, mojawapo ya sindano hizo, ya miligramu 3.6 hudungwa kila siku 28, ile ya 10.8 kila wiki 12, na baada ya mwezi hivi testosteroni, homoni ya kiume, huwa imeshuka hadi kiwango cha mtu aliyeondolewa korodani. Saratani hunyimwa chakula chake, lakini msuli nao hutegemea homoni hiyohiyo kujijenga. Mapaja na nyonga hunywea, hasa mwaka wa kwanza. Mzani hauonyeshi kitu, kwa sababu mafuta huchukua nafasi ya nyama iliyopotea; uzito unabaki palepale, pengine unapanda, na faili linaandikwa kwamba mzee anaendelea vizuri. Anayeujua ukweli ni makanga anayemvuta mkono kwenye ngazi ya matatu.

Kupima hakumalizi hata dakika mbili. Kiti kigumu kisicho na mikono, kimo cha sentimita 43 hivi, kiegemezwe ukutani. Mgonjwa akunje mikono kifuani, asimame wima na kuketi tena na tena kwa sekunde 30, nesi akihesabu. Mwanaume wa miaka 65 hadi 74 asiyefikisha mara 12 yuko chini ya wastani. Wa miaka 75 hadi 79, mara 11. Akijiinua kwa mikono, alama ni sifuri. Hapo ndipo wapimaji humhurumia mzee, na kipimo kinaharibika. Idadi iandikwe, kisha ilinganishwe kila anaporudi kudungwa.

Kumwambia "tembeatembea, mzee" hakutoshi. Kutembea kunafaa moyo. Msuli unataka uzito. Mara mbili au tatu kwa wiki, siku zisizofuatana, afanye haya: kusimama kutoka kitini, kupanda na kushuka kipandio, kuinua visigino, kusukuma ukuta, na kuvuta mtungi wa lita 10 kutoka magotini hadi kiunoni. Kila zoezi mara 8 hadi 12, raundi mbili au tatu. Mtungi uanze na lita tano za maji. Akifikisha 12 bila taabu, aongeze lita moja. Mazoezi mengi hufeli hapa: mtu anabaki na mzigo uleule miezi sita, na msuli hauna sababu ya kukua.

Chakula nacho kihesabiwe. Mwenye kilo 70 anahitaji protini gramu 84 hivi kwa siku, isipokuwa figo zake ni mbovu. Yai lina gramu 6, kikombe cha ndengu zilizoiva kama 14. Ugali na sukuma wiki pekee havimfikishi.

Kuna tahadhari ambazo nesi lazima azijue. Saratani ikiwa imeingia mifupani, daktari aseme kwanza ni mfupa upi usibebeshwe mzigo. Anayemeza abirateroni, dawa nyingine ya saratani hii, apimwe potasiamu ya damu, kwani ikishuka huleta udhaifu unaofanana na huu wa sindano. Na miguu ikilegea ghafla, mgongo unauma au mkojo umegoma, hiyo si homoni: huenda uti wa mgongo umebanwa, na huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Udhaifu wa sindano huja polepole.

Gharama ni kiti, saa, ukurasa mmoja kwenye faili na mtaalamu wa fiziotherapia aketi kliniki ileile, siku ileile. Ukimwandikia mzee rufaa ya kurudi Alhamisi, umemdai nauli ya pili, na wengi hawarudi. Kuwafundisha manesi tutafanya wenyewe. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Tunachosubiri ni agizo lako kwa wasimamizi wa hospitali.