Hakuna aliyemuuliza sodo ni za nani

Kwa Mhariri,

Nina duka dogo hapa Nyalenda, Kisumu. Nauza sukari ya kupima, mafuta ya kupikia, sabuni ya kipande na sodo. Mwaka jana, kwa miezi mitano, nilimuuzia sodo mama mmoja tuliyemwita Nyar Seme, na hata siku moja sikumuuliza ni za nani.

Alikuwa na miaka 58. Wajukuu aliokaa nao walikuwa wavulana watupu. Mwanzoni alichukua pakiti moja kwa mwezi, baadaye moja kwa wiki, na kuelekea mwisho alikuja mara mbili kwa wiki, jioni, wateja wakishapungua. Pesa alikuwa ameshazikunja mkononi kabla hajafika, na pakiti aliitia ndani ya leso upesi kama kitu cha wizi. Nilijiambia anamnunulia binti yake. Lakini nilijua vizuri kwamba binti yake ameolewa Mombasa. Niliona haya tu. Mtu aliyekutangulia umri hivyo humuulizi habari za damu yake.

Alipopelekwa Russia, kama tunavyoiita hospitali yetu ya rufaa, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshafika kwenye kibofu. Tulimzika Desemba, nyumbani kwa mumewe kule Alego. Usiku wa matanga binti yake aliniambia kwamba mamake aliamini hedhi imemrudia. Hedhi ilikuwa imekoma miaka sita, na damu ilipoonekana tena, rafiki zake walimwambia mwili umerudi ujana. Walimpongeza.

Mhariri, naomba jambo hili lichapishwe kwa herufi zinazosomeka: mwanamke akimaliza mwaka mzima bila hedhi, hedhi imekoma. Damu ikionekana baada ya hapo, hata tone, hata mara moja, aende akaangaliwe. Muuguzi alinieleza kwamba mara nyingi huwa si saratani, huenda ni ukavu au kinyama kidogo kilichoota, lakini hakuna awezaye kujua bila kutazama. Vivyo hivyo kwa aliye bado na hedhi: damu baada ya kulala na mume, damu katikati ya mwezi, au uchafu wenye harufu usiokwisha, asikae nayo.

Mimi mwenyewe nina miaka 53. Januari nilifunga duka asubuhi moja nikaenda kupimwa. Katika kituo cha kwanza, ambacho sitakitaja, aliyekuwa akiandikisha aliniuliza, "Mama, mtoto yuko wapi?" Nikamwambia sina mtoto. "Una mimba?" Sina. "Basi umekuja kufanya nini? Leo ni kliniki ya watoto." Hakuwa na ubaya. Aliniuliza vile kwa sababu kwenye benchi lile hajazoea kuona mwanamke aliyekuja kwa ajili yake mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nikafungua mkebe ninamoweka vyeti. Vijitabu vya kliniki vya watoto wangu wanne bado vimo, pembe zimeliwa. Wakati wa mimba nilipimwa presha, damu na mkojo, nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikaulizwa nimekula nini. Kitindamimba wangu yuko kidato cha nne sasa. Tangu alipomaliza kupimwa uzani akiwa na miaka mitano, miaka 13 imepita bila mtu yeyote mwenye koti jeupe kuniuliza hali yangu. Naona kosa liko hapa. Kliniki inatujua kupitia mtoto, mtoto akikua nasi tunatoweka, na ni kipindi hicho hicho presha, sukari, uvimbe wa matiti na ugonjwa huu vinapoanza kutuandama.

Wiki iliyofuata nilikwenda kituo kingine pamoja na wifi yangu, ana miaka 34. Yeye alipakwa siki kwenye mlango wa kizazi, wakangoja kama dakika moja, muuguzi akatazama kwa taa. Sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Yake ilionyesha alama ndogo, ikachomwa asubuhi hiyo hiyo, na mchana alikuwa akipika. Mimi niliambiwa kipimo cha siki hakinifai, kwa sababu mwanamke akishapita 50 sehemu inayotakiwa kutazamwa huwa imeingia ndani. Nilipewa kijiti chenye brashi laini, nikaenda nyuma ya pazia nikachukua sampuli mwenyewe. Haikuuma, na hakuna aliyenitazama. Baada ya wiki tatu nikapigiwa simu kwamba kirusi cha HPV hakikuonekana.

Kirusi hicho ndicho chanzo, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 tangu kuingia mwilini mpaka kuwa saratani. Kwa mwenye virusi vya Ukimwi asiyetibiwa huwa 5 hadi 10. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi usiku. Nyar Seme alikuwa na miaka mingi ambayo siki kidogo na dakika moja zingemwokoa, na kwa miaka hiyo yote alikuwa akiuza omena mwendo mfupi kutoka zahanati.

Kwa hiyo naiomba kaunti itenge siku moja kwa wiki ya mwanamke asiyebeba mtoto, na iandikwe mlangoni ili mwandikishaji asimuulize mtoto yuko wapi. Pia wauguzi waje sokoni Kibuye Jumapili, ambapo sote tupo tangu alfajiri. Chama chetu kina wanawake 22. Nilipouliza ni nani aliyewahi kupimwa, mikono mitatu iliinuka.

Walio na mabinti wa miaka 10 wawapeleke wakachanjwe dhidi ya kirusi hicho cha HPV. Chanjo ilizinduliwa Oktoba 2019 kule Mombasa, na ni ya bure. Nimesikia wanaosema inafunga kizazi. Si kweli. Kinachofunga kizazi nimekiona.

Juu ya rafu ya sodo nimebandika karatasi, nimeiandika kwa Kiswahili na Kiluo: "Kama hedhi yako ilikoma na damu imerudi, usinunue hii peke yake. Nenda hospitali wiki hii." Imekaa wiki sita. Wanawake wawili waliisoma wakanyamaza, wakalipa, wakaenda. Jioni kila mmoja alirudi peke yake kuniuliza ni hospitali gani.

Mwenye duka,
Nyalenda, Kisumu