Viti vya mbele kanisani ni vya nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niseme jambo linaloniuma kitambo. Sisi Wakristo huku kwetu heshima tunaihubiri sana lakini tukifika kwa matendo heshima inaenda kwa mwenye gari kubwa, na yule mama anayefagia kanisa kila Jumamosi watu wengi hata jina lake hawalijui.

Juzi tulikuwa na harambee ya paa la kanisa na mheshimiwa alikuwa anatarajiwa. Asubuhi makochi yakaletwa mbele, yakafunikwa vitambaa vyeupe vya kufumwa, maji ya chupa yakapangwa, halafu wahudumu wakaenda kwa ile benchi ambayo wamama wazee hukaa kwa sababu masikio yao hayasikii vizuri wakawaambia, "Mama, songeni nyuma kidogo." Mmoja wao alishika mkongojo wake akainuka polepole bila kusema neno, akaenda kukaa huko karibu na mlango ambapo mahubiri hayamfikii. Na mgeni mwenyewe alifika ibada imeisha, tukaambiwa tungoje.

Sasa fungua Yakobo sura ya 2. Mwenye pete ya dhahabu anaambiwa keti hapa mahali pazuri, maskini anaambiwa simama pale. Yakobo anauliza kama hiyo si hukumu yenye mawazo mabaya.

Kuna watakaosema Biblia inatuagiza tuheshimu viongozi. Ni kweli, Warumi 13 iko wazi na mimi sipingi, tuwasalimu vizuri, tuwaombee. Lakini Petro alipoandika "Waheshimuni watu wote" alianza na wote, mfalme akamtaja mwisho wa mstari huo huo, na hakuna mahali alisema mjane ainuliwe ndio mfalme akae. Paulo naye anasema tutangulize wenzetu kwa heshima, kwa hivyo mheshimiwa kama ni Mkristo mwenzetu na yeye anafaa ampishe huyo mama.

Nampongeza Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Anglikana ambaye Septemba 2021 pale Butere, siku Askofu Rose Okeno alipowekwa wakfu, aliwakatalia wanasiasa kuhutubia kanisani. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Katoliki Nairobi naye akaagiza michango ya wanasiasa irudishwe. Huo ni ujasiri mkubwa na uliwagharimu maneno mengi. Lakini kwa maoni yangu kazi imefika nusu, maiki tumewanyima ila makochi bado yako pale pale, na kwa harambee wa laki anapigiwa makofi na vigelegele huku aliyetoa shilingi hamsini za mboga anapita kimya kama hakutoa kitu, na Yesu mwenyewe alimsifu mjane wa senti mbili mbele ya wanafunzi wake.

Wachungaji na wazee wa kanisa, nawasihi. Mgeni akija, hata awe gavana, akae penye nafasi kama muumini mwingine. Michango isomwe majina bila kiasi. Na hao wamama warudishiwe benchi yao Jumapili hii.

Msomaji wenu,
Kakamega