Risala ya klabu ya ushonaji kwa mgeni rasmi: gunia la mabaki ya mafundi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi, viongozi wa dini na wa elsii, yaani baraza la mtaa, mliofika, na wanafunzi wenzangu wote, Bwana asifiwe, asalaam aleikum.

Mama, karibu sana Arua, karibu shuleni kwetu. Umetoka Kampala mpaka huku, umevuka Karuma, umevuka daraja la Pakwach, na vumbi lote lile umelipita, asante sana kwa kuja. Mimi ni katibu wa klabu ya ushonaji, niko senia tatu, yaani kidato cha tatu. Risala hii tumeiandika kwa Kiswahili sababu ndiyo lugha ya klabu yetu: nyumbani huyu anaongea Kilugbara, yule Kinubi, mwingine Kialur au Kikakwa, na kuna wenzetu waliotoka Sudan Kusini, lakini tukikaa kwenye meza ya kukatia vitambaa wote tunaelewana kwa Kiswahili, na tangu mtaala mpya uanze 2020 ndio tunakisoma na darasani pia.

Mama, ukishuka mjini utawaona mafundi wamekaa barazani na vyerehani vyao vya kukanyaga, vitenge vingi wanavyoshona vinatoka sokoni Ariwara ng'ambo ya Kongo, vinakuja vipande vya yadi sita sita. Mteja akishonewa gauni lake anapewa gauni na pengine kipande kikubwa kilichobaki, lakini vile vidogo vidogo, vya kwapani, vya shingoni, vya kunyoosha pindo, vinaanguka chini ya cherehani na jioni vinafagiliwa. Vinachomwa. Ule moshi wake kama kuna poliesta ndani unakaba koo, na tulikuwa tunaupita kila siku tukitoka shule tunaziba pua tu, mpaka siku moja mwalimu wetu wa klabu akasimama akamuomba fundi mmoja, mzee naomba hili gunia usilichome. Fundi akashangaa, akasema chukua, hata kesho njoo. Basi ndivyo tulivyoanza, kwa gunia moja la mabaki, mkasi mmoja na sindano za mkono.

Kitu cha kwanza tulichojifunza si kushona, ni kuchambua. Sisi tulidhani kitambaa ni kitambaa, unachukua kizuri unaunga na kizuri kingine. Kumbe pamba na poliesta havikai vizuri pamoja, pamba ukiifua inaweza kurudi ikapungua na poliesta haipungui, kwa hiyo mto wako ukifuliwa mara moja tu unajikunja kama uso wa mtu amekula limao. Na ukipitisha pasi ya moto wa pamba juu ya poliesta inayeyuka inashika kwenye pasi, ile ya makaa ndiyo mbaya zaidi maana moto wake huwezi kuupunguza haraka. Mwalimu akatuonyesha kunyofoa nyuzi mbili tatu na kuzigusa na moto wa kibiriti: pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini, lakini poliesta inajikunja inayeyuka na ikipoa inabaki kitone kigumu. Sasa tuna magunia mawili, la pamba na la vingine, na kila kipande cha pamba kinafuliwa kwanza kabla hakijakatwa, sababu kuna vitenge rangi yake inatoka, hasa nyekundu na bluu, na nyekundu ikishamwagikia nyeupe ya jirani yake hakuna cha kufanya tena.

Halafu tukaharibu, mama, na hili nataka nilieleze vizuri kwa sababu ndipo tulipojifunza hesabu kuliko darasani. Tulitaka kushona foronya za mito ya sebuleni, mto wa inchi 16 kwa 16. Tukasema sawa, vipande vinne kwenda, vinne kushuka, kila kimoja inchi nne, jumla 16, tukakata vipande vingi sana kwa kufuata kikaratasi kigumu cha boksi, tukashona wiki nzima, mto ukakataa kuingia. Tukapima na futi ikaja inchi 14. Inchi mbili zimekwenda wapi? Tukakaa tunaangaliana, mmoja alikuwa karibu alie. Kumbe kila mshono unakula robo inchi huku na robo inchi kule, kipande cha inchi nne kikishashonwa pande zote kinabaki inchi tatu na nusu, mara nne ndio hizo 14. Kipande kilitakiwa kikatwe inchi nne na nusu. Zile foronya ndogo hatukuzitupa, tulizizungushia ukanda wa kitenge cheusi pande zote nne ukajaza pengo, na mpaka leo wateja wanaomba zile zenye ukanda mweusi, wanaona ni mtindo. Kikaratasi cha inchi nne bado kimebandikwa ukutani juu ya meza yetu.

Kuna kipande kimoja ambacho sisi tunakipenda kuliko vyote, nacho ni cha shingo. Fundi akichonga shingo ya gauni kinatoka kipande kama nusu sahani, huku duara, huku imenyooka. Mafundi wote wanavyo, na hakuna anayekitaka. Ukichukua viwili vinavyolingana, na viwili vingine vya bitana ndani, ukashona zipu kwenye upande ulionyooka halafu ukafunga duara, umepata kipochi cha hela, kinaingia mkononi vizuri kabisa. Vipo pale kwenye meza mama, utaviona. Wanaoanza senia wan, yaani kidato cha kwanza, wakishona kipochi cha kwanza huwa wanasahau kuacha zipu wazi kabla ya kufunga duara, kwa hiyo wakimaliza hawawezi kukigeuza, wanafumua tena. Kila mmoja wetu hapa ameshafumua.

Tunashona na mifuko ya sokoni, sababu kaveera, yaani mifuko ya plastiki, nyembamba zile za chini ya mikroni 30 zimekatazwa na sheria tangu 2009 lakini bado zinapepea kwenye mitaro yetu, mvua ikinyesha zinaziba. Mfuko wa viraka ukiweka bitana ya suruali kuukuu ya jinzi unabeba mihogo bila kuchanika. Vile vidogo kabisa ambavyo hata kipochi havitoshi tunavikatakata tunajazia mito, hakuna kinachorudi kwenye moto.

Na tunashona pedi za kufua. Najua wapo wazazi wa kiume hapa lakini nitasema tu, maana kuna wasichana wanakaa nyumbani siku hizo. Juu inakuwa pamba laini, katikati tabaka za taulo la zamani, chini kitambaa kisichopitisha maji, hicho tu ndicho tunanunua, na vifungo vya kubana pembeni. Tunawasisitizia wenzetu waifue kwa maji ya baridi kwanza halafu sabuni, na waianike juani, siyo kuificha chini ya godoro ikiwa mbichi. Mvulana mmoja wa klabu ndiye anayekata zile tabaka za taulo, anakata zimelingana kuliko sisi wote, na hakuna anayemcheka tena.

Mama, mwaka jana mwalimu alituonyesha kwenye simu yake jambo ambalo lilitugusa sana. Kule India, jimbo la Karnataka, kuna watu wanaitwa Wasidi, mababu zao walitoka huku kwetu Afrika, wengi wao walipelekwa kama watumwa karne nyingi zilizopita. Wanawake wao wanashona mablanketi ya viraka yanaitwa kawandi, kwa mkono, bila cherehani, kwa nguo kuukuu za nyumbani. Sisi tunaunga viraka kwanza halafu ndio tunaviweka juu ya kitambaa cha chini, lakini wao wanatandaza kitambaa cha chini, wanaanza pembeni, wanakunja ukingo wa kiraka wanapiga bandi, yaani mshono wa mkono wa kupitisha sindano juu na chini, wanaongeza kingine wanapiga bandi, wanazunguka hivyo hivyo kuelekea katikati, viraka na tabaka zinashikana kwa mshono huo huo mmoja. Na kwenye pembe nne wanashonea pembetatu ndogo zilizokunjwa, wanaziita phula, yaani maua, blanketi bila hayo maua kwao halijakamilika. Tulikaa kimya darasani. Mtu amechukuliwa kutoka huku, lugha imepotea, lakini wajukuu zake bado wanakusanya vitambaa vilivyochakaa kama tunavyokusanya sisi hapa. Tukasema na sisi tutashona moja kwa njia hiyo.

Sasa niseme yanayotuumiza. Tuna vyerehani viwili vya kukanyaga kwa wanafunzi zaidi ya arobaini, kwa hiyo wengi wanashona kwa mkono mpaka giza. Hiyo tumezoea. Iliyotuuma ni nyingine: ofisi moja ilikuja ikaagiza mifuko 30 ya kuwekea makaratasi ya semina, tukaacha kila kitu, tukanunua zipu na uzi kwa hela yote ya klabu, tukashona hadi Jumapili baada ya ibada, wakaja wakapiga picha na sisi, wakabeba, wakasema hela itakuja. Haikuja. Mhula mzima uliofuata hatukuwa na zipu, vile vipande vya shingo vilikaa kwenye boksi tu, na wengine wakaacha klabu. Siwataji, hatukuja kushtaki mtu.

Kwa hiyo ombi letu kubwa mama siyo msaada. Wewe unakaa kwenye mikutano mingi, na kila semina watu wanapewa mkoba wa plastiki wa kubebea makaratasi, wakifika nyumbani wanautupa. Tunaomba mikutano iliyo chini yako itununulie mikoba ya viraka, na tulipwe siku ile ile tunapoikabidhi, nusu ikitangulia wakati wa kuagiza ili tununue zipu. Ukiona umeme wetu unaruhusu basi na mashine ya ovaloki, maana kingo zetu za ndani zinafumuka tukishona kwa haraka, lakini hata bila hiyo tutaendelea. Na ukiongea na viongozi wa mji, tunaomba gunia moja tu liwekwe kila baraza ya mafundi, sisi wenyewe tutapita kuchukua kila Ijumaa.

Mwisho mama tunakukabidhi blanketi hili. Tumelishona kwa mkono miezi minne, kutoka pembeni kwenda katikati kama wale bibi zetu wa Karnataka. Ukilishika hapa karibu na ukingo utakuta kiraka cha njano chenye majani ya kijani, hicho ni cha gomesi, lile gauni refu la heshima, ya marehemu mama wa mwenzetu mmoja, alikuja nacho mwenyewe amekikunja kwenye daftari akaomba kiwemo. Pale katikati bandi zimepinda kidogo, ni za watoto wa senia wan, tulikataa kuzifumua. Maua ya pembeni yako matatu. La nne tumelikunja tayari na uzi uko kwenye sindano, tunaomba uje hapa mezani ulishonee wewe.

Naomba kuwasilisha.