Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Ultrasaundi kwa Majeruhi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wetu, wakufunzi, madaktari na wauguzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Ahsante kwa kuitikia wito wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, majeruhi anayetokwa damu nje huhudumiwa upesi, kwa kuwa kila mtu anaiona. Anayetutia hofu ni yule anayeletwa akiongea, nguo hazina hata tone, kumbe wengu umepasuka. Kijana mwenye nguvu anaweza kupoteza robo ya damu yake na presha isishuke. Ikija kushuka, muda umeshatuponyoka.

Kuanzia mwaka 1965 madaktari walikuwa wakitoboa tumbo na kuingiza maji, wakasubiri kuona kama yatarudi na damu. Kipimo tulichofundishwa, FAST, yaani ultrasaundi ya haraka ya kutafuta damu iliyovujia ndani ya mwili, hakitoboi kitu wala hakina mionzi. Tunatazama kifuko cha moyo, ubavu wa kulia kati ya ini na figo, wa kushoto kati ya wengu na figo, kisha kuzunguka kibofu. Damu iliyovuja huonekana nyeusi kwenye skrini. Halafu tunapandisha kifaa kifuani kutafuta hewa au damu iliyobana mapafu. Ni dakika chache tu, na wenzetu wanaendelea na dripu.

Ubavu wa kulia ndio uliotutoa jasho. Mgonjwa akilala chali, damu ya tumboni hupenda kutuama pale. Mwanzoni tulichungulia kati ya ini na figo tukaridhika. Mkufunzi akaturudisha chini zaidi, kwenye ncha ya ini, ambako utepe mwembamba mweusi hutangulia kujitokeza.

Huyo huyo alikataa kabisa jibu la "hakuna damu". Alitaka tuseme "sijaiona kwa sasa". Alikuwa na haki: damu kidogo, chini ya mililita 200 hivi, huweza kutupita, na ile iliyojificha nyuma ya tumbo, kama ya nyonga iliyovunjika, kipimo hiki huikosa mara nyingi. Kwa hiyo tunarudia, hasa hali ya mgonjwa inapobadilika. Lakini presha ikiwa chini na damu ikaonekana tumboni, majeruhi huyo ni wa chumba cha upasuaji, si wa kupangiwa foleni ya siti skani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mashine tuliyojifunzia ni moja, na jioni hufungiwa ofisini. Majeruhi hawachagui saa. Tunaomba ikae chumba cha dharura usiku na mchana, ikiwa na chaji na jeli. Tunaomba pia picha zetu zipitiwe na wataalamu kila wiki, kwani jicho lisilosahihishwa huzoea kosa lake. Kama litawezekana moja tu kwa sasa, tunaomba lianze la mashine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wahitimu wa mafunzo.