Jinsengi na figo: seli zipi zinazokuzwa?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vifuko vya unga wa jinsengi (mmea wa Asia ya Mashariki ambao mizizi yake hutumiwa kama dawa) vinavyouzwa mitaani kwa maelezo kwamba "hukuza seli za figo". Juzi mzee mmoja mwenye kisukari aliniwekea kimojawapo juu ya kaunta ya duka la dawa ninakofanya kazi. Karatasi ya Kiswahili ilikuwa imebandikwa juu ya maandishi ya Kikorea, na haikutaja kipimo wala namba ya usajili.

Maneno hayo yana asili yake. Mizizi ya jinsengi ina viambato viitwavyo jinsenosaidi, na watafiti wa Korea Kusini wameonyesha maabara kwamba kimoja kati yake, Rg3, ambacho huongezeka mizizi inapopikwa kwa mvuke, huzisaidia seli za figo za nguruwe kustahimili sumu ya sisplatini, dawa ya saratani inayofahamika kwa kuumiza figo. Hapo seli zimenusurika tu; hakuna figo iliyoota upya, na mtu mzima haoti vichujio vipya vya figo vile vya awali vikishakufa.

Kwa mwenye kisukari tangazo hilo limegeuza mambo juu chini. Sukari ikizidi katika damu, seli za mesanjia, zinazoshikilia mishipa midogo ndani ya kila kichujio, huongezeka na kurundika utando mpaka kichujio kinakuwa kovu, na tafiti za maabara zinazoisifu jinsengi katika ugonjwa huu huisifu kwa sababu viambato vyake vimeonekana kuzuia ongezeko hilo hilo. Muuzaji anajivunia lile ambalo daktari analihofia. Tena seli za maabara hupewa kiambato kimoja kilichosafishwa, ilhali unga unaomezwa hufyonzwa kidogo sana na hubadilishwa na bakteria wa utumbo kabla haujaifikia damu.

Karatasi isiyotaja kilichomo si jambo dogo. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, waliripoti wanawake walioharibika figo kwa dawa za mitishamba za kupunguza uzito, na baadaye ikabainika kwamba nafasi ya mzizi mmoja wa Kichina ilikuwa imechukuliwa na mwingine wenye sumu, wa jamii ya Aristolochia.

Nawaomba wanaosimamia usajili wa dawa wavikague vifuko hivi. Yule mzee, ambaye alikuwa ameshapunguza vidonge vyake kwa nusu, nilimsihi avirudie kama alivyoandikiwa na aende na kifuko chake kliniki, kwa kuwa jinsengi ikichanganywa na dawa za kisukari inaweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Mtoa dawa,
Tanga