Tangu anioe hafungi mabao, eti nuksi ni mimi

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia muda huu kwa sababu usingizi umekataa, na mwenzangu kalala chumba cha pili, mguu kaupandisha juu ya mito. Usiniambie nisali, nasali. Usiniambie nivumilie pia, maana huo uvumilivu ndio ulionifikisha hapa nilipo.

Mume wangu ni straika. Jina silitaji, wa Tanga watamjua, na asiye wa Tanga jina halitamsaidia kitu. Kaanzia mchangani Makorora, kaja kuchukuliwa na timu ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, na msimu mmoja huko akafunga mabao 12. Hayo mabao 12, Shangazi, ndiyo yaliyonitoa machozi.

Juzi tulikuwa na shughuli ya wifi yangu. Wanawake tumejaa, sahani za pilau hazijatolewa, mimi nimeshika birika na bakuli nanawisha wageni. Mavyaa akasema, tena si kwa kunong'ona: "Mwanangu kabla hajaoa alikuwa na mabao 12. Tangu kaingia huyu, hata la kuotea hana." Watu wakacheka. Shangazi yake mume wangu akadakia kwamba nyota ya mwanamume ikizimwa na mke, haiwaki tena. Nikaendelea kunawisha. Ungetaka nifanye nini, nimwage maji?

Kwanza si kweli. Msimu wa kwanza wa ndoa yetu alifunga mawili. Moja lilikuwa la penalti, sawa, lakini penalti nayo ni bao, wakina Kagere aliyekuwa straika wa Simba nao walipiga penalti. Pili, yale 12 yalikuwa ya Championship na sasa tunazungumzia Ligi Kuu, ambako namba tisa karibu kila timu kubwa ni mgeni. Mzawa akipewa dakika kumi za mwisho ashukuru. Mavyaa hajui tofauti hiyo wala hataki kuijua. Kwao mpira ni ibada. Marehemu baba mkwe alikuwa Coastal Union damu, timu ya hapa Tanga, ubingwa wa ligi wa 1988 alikuwa akiusimulia utadhani yeye ndiye aliyevaa jezi. Nyumba ya namna hiyo, mtoto akipata jina, jina ni la ukoo; akikosa bao, kosa ni la aliyetoka nje ya ukoo.

Na kazi yenyewe ya straika ni ya dhuluma. Beki akizembea, kipa anaokoa, kesho watu wamesahau. Kiungo anaweza kucheza msimu mzima asifunge na bado akasifiwa. Huyu wangu akimbie dakika tisini, avute mabeki, atoe pasi ya bao, wakitoka uwanjani wanaulizana: kafunga? Hajafunga. Basi hajacheza.

Mimi mpira sikuujua, nimejifunza kwa kukaa jukwaani Mkwakwani na kumwangalia yeye tu, si mpira. Ndiyo maana niliona kabla ya makocha. Zamani krosi ikitoka kulia, alikuwa anamtangulia beki kwenye nguzo ya karibu, anagusa kidogo, imo. Siku hizi anafika wa pili. Si mbali, nusu hatua tu. Akitaka kuruka, harukii mguu wa kushoto, anatafuta kwanza wa kulia, na hapo mpira umeshapita. Kocha akamhamishia winga, akadhani ni kujiamini kumepungua. Baadaye benchi. Halafu mkopo. Halafu mkopo ukaisha, na ile timu iliyomkopa inamdai yeye viatu wakati yeye anaidai mishahara. Nilimwambia FIFA wana kanuni, mshahara wa miezi miwili usipolipwa unawapa notisi ya siku 15, wasipolipa unaondoka kwa haki yako. Akasema akifanya hivyo ataitwa msumbufu na hakuna atakayemsajili. Nikanyamaza. Nilikuwa nalipa kodi ya nyumba kwa cherehani yangu, Barabara ya 12, halafu naambiwa namnyonya mtoto wa watu.

Sasa nikwambie lile ambalo halijui mtu. Goti lile halikuumia baada ya ndoa. Liliumia kabla, kwenye ndondo, mashindano ya mtaani. Ligi ilikuwa imesimama, mkataba unamkataza kucheza mechi za mtaani, na ndondo yenyewe aliiandaa mjomba wake, ndugu yake mavyaa tumbo moja. Mjomba ndiye aliyemwita: "Njoo utupe heshima, kipindi kimoja tu." Akatua vibaya, mguu ukabaki chini, mwili ukageuka. Mimi nilikuwa mchumba tu wakati huo, ndiye niliyekwenda kununua barafu. Akaniapisha. Timu ikijua ni ndondo, mkataba unavunjwa. Mama yake akijua ni mjomba, ndugu watagombana. Nikaapa. Nilikuwa mchumba, Shangazi, ungeniambia niapie chochote ningeapa.

Kwa hiyo pale kwenye pilau nilikuwa na jibu. Sentensi moja tu, na meza nzima ingenyamaza. Nimelimeza kwa ajili ya mwanawe, na yeye bado ananiita mkosi.

Kuna lingine linaloniuma kuliko hata lile la shughuli. Mavyaa alimpeleka mwanawe Pangani, ng'ambo ya mto, kwa mtaalamu. Akaogeshwa, akaambiwa asinikaribie mpaka mechi ipite. Akalala kwao. Mtu mwenye goti limevimba! Mechi ikaisha bila bila. Unafikiri walimlaumu mganga? Ikasemwa nilimpigia simu usiku, sauti yangu ikaharibu dawa. Na ni kweli nilipiga, nilitaka kujua kama kameza vidonge.

Hospitali tulikwenda Dar. Kipimo cha MRI, fedha zangu, kwa jina la upande wa mama yake ili lisivuje. Daktari akatuonyesha picha: meniskasi, ile mito laini ya ndani ya goti, imechanika, na gegedu linalofunika ncha za mifupa limeanza kulika. Akashauri upasuaji, kisha mapumziko na mazoezi ya taratibu kwa miezi. Mume wangu akauliza miezi mingapi, akajibiwa, akacheka kile kicheko chake. Mkataba ungekwisha kabla hajaanza kukimbia. Tukarudi na basi hatusemezani mpaka stendi ya Kange.

Tangu hapo ni sindano. Kuna mtu anakuja nyumbani na mkoba, anamchoma gotini siku moja kabla ya mechi. Uvimbe unashuka, maumivu yanatulia, anacheza. Daktari wa Dar alishatuambia sindano hizo hazishoni kilichochanika, na zikirudiwa mara kwa mara zinazidi kulila hilo gegedu. Maumivu ndiyo yaliyokuwa yanamzuia asijiumize, sasa yameondolewa. Siku ya pili yake haamki. Usiku akitaka kwenda chooni anatambaa kwa mikono, ananikataza nimshike. Mwanaume wa miaka 30.

Kaka yangu, anayefuatilia mpira wa Ulaya, alinisimulia habari za Batistuta wa Argentina. Baada ya kustaafu alizidiwa na maumivu ya miguu hadi akamwomba daktari amkate. Nikamwambia mume wangu. Akanijibu na Ronaldo wa Brazil: goti lilikatika mwaka 2000 kwenye mechi ya kurudi uwanjani, watu wakasema kwisha, na 2002 akafunga mabao 8 Kombe la Dunia, mawili ya fainali. Nikamwambia Ronaldo alipasuliwa, akapumzika, alikuwa na klabu nyuma yake. Wewe una mtu wa mkoba. Hatukuongea siku hiyo. Yeye kila akibanwa ana jina. Mara Samatta, aliyeanzia hapa hapa nyumbani akafunga Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2020. Mara George Mpole, aliyefunga 17 akiwa Geita Gold akampita Mayele wa Yanga kwa bao moja. Eti kama Mpole aliweza na timu ndogo, yeye kinamshinda nini? Kinamshinda goti! Lakini hilo halitajwi humu ndani.

Mimi nataka aache. Nimeshamwambia, TFF, shirikisho la mpira, wanatoa kozi za ukocha, anza na ile ya chini, kusanya watoto pale Mikanjuni, una jina, wazazi watakuletea. Hataki. Na nikiwa mkweli kwako, na mimi kuna siku sitaki. Kuna siku nikikaa jukwaani namwomba Mungu bao moja tu, moja, Mkwakwani, mavyaa awepo na wale wote wa meza ile wawepo, ndipo aache. Sasa nikimwona anavua soksi nyumbani najichukia kwa dua ile. Halafu mechi ijayo naiomba tena.

Sasa dirisha dogo la usajili, lile la katikati ya msimu, limefunguka na kuna timu ya mkoa mwingine inamtaka. Miezi sita, na fedha za usajili za kueleweka kidogo, zingetosha hata huo upasuaji, yeye ndivyo anavyonishawishi: nisaini, nicheze, kisha nipasuliwe. Vipimo ni Alhamisi. Vipimo vyao nimeshauliza, ni presha, damu na kukimbia kidogo, picha ya goti hawapigi. Mtu wa mkoba kashaagizwa aje Jumatano.

Shida ni kwamba kwenye benchi la ufundi la timu hiyo yumo mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, tumelelewa nyumba moja. Ndiye aliyelipeleka jina la mume wangu kwa kocha mkuu. Jana usiku kanipigia: "Dada, nakuuliza wewe kwa kuwa hutanidanganya. Goti la shemeji likoje? Nimesikia maneno." Nikamwambia simu inazima chaji. Ilikuwa na chaji.

Nikimwambia ukweli, mume wangu hasajiliwi, na pale kwao itakuwa imethibitika kwamba nyota nimeizima kwa mkono wangu. Safari hii watakuwa na ushahidi. Nisipomwambia, mume wangu atasaini, goti litakufa kwenye mechi ya pili au ya tatu, na mdogo wangu ndiye atakayeulizwa alimleta wa nini. Ana watoto wawili, kibarua hicho kakipata kwa taabu. Na mume wangu hajui kama nimepigiwa.

Usije ukanijibu kwamba nikae na mume wangu tuzungumze. Tumezungumza. Usinijibu pia kwamba mavyaa ni mama, nimheshimu. Namheshimu, mtu asiyemheshimu angeshamtaja mjomba pale pale mbele ya pilau. Sikuja kwako kumsema. Ingawa ungeniambia kama ni halali mtu kusemwa vile mbele za watu naye ndiye anayelipa kodi, ningeshukuru.

Ninalouliza ni hili la kiapo. Niliapa kuficha goti, lakini niliapa nikiwa mchumba na goti likiwa la kuteguka, nilivyoambiwa. Je, kiapo kile bado kinanifunga leo? Na kama hakinifungi, nikivunjie kwa nani kwanza, kwa mdogo wangu au kwa mavyaa? Moyo unanituma kwa mavyaa, lakini najua huo si moyo, ni hasira.

Nijibu kabla ya Jumatano ikiwezekana. Na ukiitoa barua hii, kila nilipoandika Tanga weka Bagamoyo, Mkwakwani uifute kabisa, na Pangani pia. Wifi yangu hakukosi hata wiki moja, na ndiye anayemsomea mama yake.